Siku ya Kuwinda Bata

Kuchagua siku ni kazi ya kila mtu, lakini si kila mtu ana hiari sawa katika uchaguzi huo. Mwenye arusi hutazama kalenda, hakimu hutazama daftari la mashauri, na mwalimu hutazama ratiba ya masomo. Mkulima, baharia na mwindaji hutazama mbingu. Mbingu haina daftari wala haipokei maombi. Husema neno lake. Alielewaye hulifuata, na asiyelielewa hurudi nyumbani mikono mitupu, au hurudishwa na wenziwe akiwa amebebwa. Nia yangu katika insha hii ni kueleza namna hali ya hewa itumikavyo kuchagua siku ya kuwinda bata, kama nilivyofunzwa huko Kibingo. Nataka pia kueleza jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa na wausifuo ustadi huu: kwamba mbingu hutoa mashauri mawili, shauri la kupata na shauri la kuacha, na mara nyingi huyatoa yote mawili siku moja.

Kibingo ni sehemu ya nchi ya Karagwe ya zamani, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanyika katika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Ni nchi ya vilima vilivyofuatana mithili ya mawimbi. Juu ya migongo ya vilima kuna nyasi. Mitelemkoni kuna migomba na mibuni. Chini mabondeni kuna maji, matete na mafunjo. Mto Kagera huizunguka nchi hiyo upande wa magharibi na wa kaskazini, ukaitenga na Rwanda na Uganda. Mwaka 1861 John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika, walilitazama ziwa lililo karibu na mji wake wakaliita Windermere Ndogo, kwa kulifananisha na ziwa la kwao Uingereza. Mgeni huona kwanza kile alichokuja nacho machoni.

Nayakumbuka hayo kila nisomapo maelezo ya wawindaji wa Ulaya na Marekani. Wao husifu siku ya baridi kali, ya wingu zito na upepo wa kaskazini usukumao makundi ya bata kutoka katika maziwa yanayoanza kuganda. Maelezo yao ni ya kweli kwao. Mtu wa Kibingo akiingojea siku hiyo, ataingojea mpaka kiama. Huko kwetu maji hayagandi. Majira yetu hayagawanywi na baridi na joto, hugawanywa na mvua na ukosefu wa mvua. Na bata wetu hufuata ugawanyaji huo.

Mwalimu wangu alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, wala hakuishi kwa kuwinda. Alikuwa na bunduki moja ya marisau, leseni yake, na maneno machache. Aliwinda mara chache kwa mwaka, akaleta nyumbani ndege wawili au watatu. Risasi zilikuwa ghali, na kila moja ilihesabiwa kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Nadhani ughali huo ndio uliomfanya mwanachuoni wa hali ya hewa. Mwenye risasi nyingi huweza kufanya mchezo na siku mbaya. Mwenye risasi nne sharti achague.

Jambo la kwanza alilonifunza ni upepo. Bata ni ndege mzito. Atuapo na aondokapo huuelekea upepo, maana upepo wa mbele humbeba na kumpunguzia kasi. Kwa hiyo mwindaji hukaa upepo ukimpiga mgongoni, na bata wajao kutua humjia usoni. Siku isiyo na upepo kabisa ni siku dhaifu. Bata hutua kutoka kila upande, na unyasi mkavu uliovunjika chini ya mguu husikika ng'ambo ya bwawa. Upepo wa wastani hutikisa matete, na mtikisiko wa mtu ukapotea ndani yake. Lakini upepo ukizidi, shabaha huyumba. Na ndege aliyejeruhiwa huchukuliwa mbali, akaangukia katikati ya mafunjo asikofikiwa na mtu wala mbwa. Bata wa namna hiyo ameuawa na hakuliwa, na mjomba alihesabu kifo hicho kuwa deni. Kila alfajiri ya kuwinda alichukua majivu mekoni, akatoka uani, akayaachia kidogo kidogo kutoka katika vidole vyake. Majivu yakianguka wima, au yakirushwa kwa nguvu, alirudi kulala.

La pili ni ukungu. Usiku wa anga safi ardhi hupoteza joto lake upesi, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka vilimani ikajaa bondeni. Ikikutana na unyevu wa maji, ukungu hutanda mpaka jua lipande. Kijana asiyejua hufurahi, kwa sababu ukungu humficha mwindaji kwa bata. Mjomba alinifunza nusu ya pili ya kanuni hiyo: ukungu humficha pia mtu kwa mwindaji. Asubuhi moja tulikaa kando ya bwawa toka saa 12 mpaka karibu saa 3. Bata tuliwasikia wakipiga maji hatua chache mbele yetu. Bunduki ilikuwa mapajani, imetolewa risasi. Ukungu ulipoinuka tuliona upande wa pili, sawasawa na mahali zilipokuwa zikitoka sauti za bata, mzee mmoja akikata mafunjo ya kusukia mikeka. Mjomba alimwamkia kwa adabu, na mzee akajibu. Sisi tulirudi nyumbani bila ndege, wala mjomba hakusema neno juu ya jambo hilo, kwa kuwa halikuhitaji neno.

La tatu ni mvua, nayo ina daraja zake. Katika rasharasha bata hutembeatembea, huruka chini chini, na huhama kutoka kidimbwi hadi kidimbwi kutafuta chakula kilichofunikwa na maji mapya. Siku hiyo ni njema. Katika mvua kubwa hujikunyata mahali pamoja, na mwindaji hujikunyata vilevile. Mvua ikikatika tu, huruka. Lakini penye mvua pana radi, na bonde la ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali duniani panapopigwa na radi nyingi mno. Usiku mpaka karibu na alfajiri tufani hukusanyika juu ya ziwa lenyewe; mchana, hasa alasiri, hujengeka juu ya nchi kavu. Kwa hiyo siku za mvua mjomba aliwinda asubuhi tu, na jioni hakuwinda kabisa. Mtu asimamaye majini katikati ya bonde tupu, ameshika chuma kirefu mkononi, amejifanya mti pekee wa mahali pale.

La nne ni mwezi, ambao kwa kweli si hali ya hewa, lakini hufanya kazi pamoja na mawingu. Bata wapigao mluzi, wale wenye uso mweupe ambao sauti yao hujulikana na kila mtoto wa bondeni, hula sana usiku. Usiku wa mbalamwezi na anga safi huweza kula mpaka washibe, na asubuhi wakakaa kimya katikati ya maji. Usiku wa mawingu mazito asubuhi yake huwa na pirikapirika. Hivyo mwindaji wa kesho huanza kuitazama mbingu leo jioni.

Yote niliyoyataja ni hesabu ya siku. Juu yake ipo hesabu ya majira, nayo ndiyo kubwa. Mvua zetu hunyesha kwa misimu miwili, toka Septemba hadi Desemba, na toka Machi hadi Mei. Kati yake kuna ukavu mfupi wa Januari na Februari, na ukavu mrefu wa Juni, Julai na Agosti. Wakati wa mvua kila shimo huwa bwawa. Bata hutawanyika wawili wawili, hutaga na kulea. Mwindaji hutembea sana akaona wachache, na kila amwuaye huenda ameacha kiota. Wakati wa kiangazi vidimbwi hukauka kimoja baada ya kimoja, na bata walioenea nchi nzima hukusanyika penye maji yasiyokauka. Tena, baada ya kulea, bata hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa pamoja, na kwa majuma kadhaa hawezi kuruka. Mtu atazamaye upande wa kupata tu atasema kwamba siku bora ni siku kavu kuliko zote, penye maji madogo kuliko yote. Mjomba alisema vingine. Wakati wake ulikuwa mwanzo wa kiangazi, siku chache za Juni na Julai, makinda yamekwisha kujua kuruka na maji yangali mengi. Kabla ya hapo aliona ni mapema. Baada ya hapo aliona ni uchoyo. Na bata asiyeweza kuruka, alisema, hawindwi, huokotwa.

Wako pia bata ambao siku yao haichaguliwi kwetu. Yuko bata mdogo ambaye dume wake ana mstari mweupe juu ya jicho. Yeye huzaa Ulaya na Asia, na wakati wa baridi ya huko huvuka jangwa akashukia mabwawa ya Afrika, akakaa mpaka karibu na Machi. Baridi ya nchi ambayo mtu wa Kibingo hataiona maishani ndiyo imletayo bondeni kwake. Mbingu ni moja, ingawa watu waitazamao ni mbalimbali.

Sasa nafikia tukio lililonifanya niandike. Mwaka mmoja masika yalikatika mapema, maharage yakanyauka kabla ya kukomaa, na ndizi zikatoka nyembamba kama vidole vya mgonjwa. Ilipofika Agosti bwawa letu lilikuwa limebaki kidimbwi ambacho mtoto angeweza kurusha jiwe likavuka. Juu ya kidimbwi hicho walikaa bata kwa mamia, wamebanana, wamechoka, hawana pengine pa kwenda. Upepo ulikuwa mzuri, anga lilikuwa safi, ukungu haukuwapo. Kwa kila kanuni niliyofunzwa ile ilikuwa siku ya kuwinda. Majirani walipita kumuuliza mjomba anangoja nini. Mkewe, niliyemwita mama, alimwuliza pia, usiku, wakati sisi watoto tulipodhaniwa kuwa tumelala.

"Baba Watoto," alisema, "mbingu imekuletea nyama mlangoni, nawe wafunga mlango?"

"Mbingu haikuwaleta kwangu, Mama Watoto. Imewafukuza kwingine kote."

"Na sisi je? Sisi haikutufukuza?"

Mjomba alinyamaza kitambo. Kisha alionyesha juu ya meko, pale kilipokuwa kibuyu cha mbegu ya maharage, ambacho mama hakukigusa hata katika juma lile baya. "Kibuyu kile," alisema, "mbona hukipiki?"

Mama alijibu kwa upole, na jibu lake halijaniondoka mpaka leo. "Kibuyu ni chetu. Bata ni wa nani? Usipowaua wewe, atawaua mwingine. Nao watakwisha, na watoto wako watakuwa wamelala na njaa bure."

Mjomba hakwenda bwawani. Siku ya pili aliuza mbuzi aliyewekwa kwa ajili ya karo, akanunua mahindi na maharage, na karo ikalipwa kwa kuchelewa kutokana na kahawa ya msimu uliofuata. Watu wengine walikwenda bwawani, wakarudi na mizigo. Mvua za Septemba ziliporudi, bata waliosalia walitawanyika katika mabonde yao, na miluzi yao usiku ilikuwa michache kuliko mwaka uliotangulia.

Nimeyapima maneno ya wazee wale wawili kwa miaka mingi, na naona kila mmoja alishika upande wa kweli. Mjomba aliona kwamba ndege wa kidimbwi cha mwisho ni mbegu. Wao ndio watakaoyajaza mabonde yote mvua zikirudi, na mwenye kuwamaliza amekula shamba la mwaka ujao. Mama aliona kwamba mbegu isiyo na mwenyewe haitunzwi kwa wema wa mtu mmoja. Mtu mmoja akijizuia na kumi wasijizuie, ndege hawaokoki, na aliyejizuia ndiye hulala na njaa. Ukweli wa mjomba ni wa hali ya hewa. Ukweli wa mama ni wa sheria. Hauwi kamili mmoja bila mwingine.

Watu wa nchi nyingine walifika katika njia panda hiyohiyo. Marekani, mkataba wa mwaka 1916 na Uingereza kwa niaba ya Kanada, na sheria ya 1918 iliyoufuata, uliondoa uwindaji wa bata katika majira ya kuzaliana. Ukame mkubwa wa miaka ya 1930 ulipokausha mabwawa ya mbuga zao, walianzisha mwaka 1934 stempu ambayo kila mwindaji wa bata mtu mzima sharti ainunue, na fedha zake zikatumika kununua maeneo ya maji na kuyahifadhi. Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1981, nchi ikiganda kwa takriban majuma mawili mfululizo, serikali yaweza kusimamisha uwindaji wa ndege wa maji mpaka barafu iyeyuke, kwa kuwa ndege aliyedhoofishwa na baridi hana nguvu ya kukimbia tena na tena. Jimbo la Victoria nchini Australia lilifuta msimu mzima wa bata katika miaka ya 1995, 2003, 2007 na 2008 kwa sababu ya ukame. Msomaji ataona kwamba katika nchi zote hizo hali ya hewa iliyorahisisha uwindaji ndiyo iliyoukataza. Barafu ya Uingereza na kidimbwi cha Kibingo ni kitu kimoja: vyote viwili humkabidhi ndege kwa mtu akiwa amefungwa.

Kwetu pia sheria imekuja. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila kibali. Tangu mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika yamekuwa hifadhi za taifa, na ndani yake hakuna ruhusa ya kuwinda. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kuhifadhi ndege wa maji wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliofanywa The Hague mwaka 1995. Mambo hayo ni jibu kwa swali la mama, maana yanasema bata ni wa nani: ni wa wote, na kwa hiyo si wa awahiye kwanza. Lakini sheria hutaja miezi na mipaka. Si rahisi itaje kila kidimbwi na kila alfajiri. Hapo ndipo ujuzi wa mtu kama mjomba unapohitajiwa bado.

Nao ujuzi huo umekuwa mgumu kuliko zamani. Miezi haishiki ahadi zake. Vuli ya mwaka 2019 ilimwaga mvua nyingi mno Afrika ya Mashariki, na Mei 2020 maji ya ziwa Victoria yalipanda yakapita kipeo kilichowekwa mwaka 1964. Miaka michache baadaye mvua za vuli zilikuwa haba katika sehemu nyingi za nchi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, na mkulima mwenye redio au simu huupata kabla hajapanda. Utabiri huo hueleza mvua inavyotazamiwa kuwa nyingi au haba. Kueleza mtu afanyeje na bata waliobanwa na uhaba huo si kazi yake. Chombo cha kupimia upepo kimechukua nafasi ya majivu ya mekoni, lakini hakuna chombo kilichochukua nafasi ya mtu aliyeyaachia majivu yale, akayatazama, kisha akaamua.

Huenda msomaji akaniambia kwamba ni rahisi kwa mwenye kushiba kuhubiri subira kwa mwenye njaa. Neno hilo ni zito, na silikatai. Mwenye njaa apewe chakula, na jamii imwachayo mtu achague kati ya mbegu na mtoto wake imekwisha kukosa kabla yeye hajakosa. Mjomba aliweza kukataa kwa sababu alikuwa na mbuzi. Asiye na mbuzi hakatazwi kwa hotuba, husaidiwa. Kwa hiyo kuhifadhi bata wakati wa ukame huanzia ghalani na sokoni, mbali na bwawa, katika mpango wa kumpatia mtu chakula siku ileile mbingu inapomwonyesha nyama rahisi.

Hayo ndiyo niliyofunzwa juu ya kuchagua siku. Tazama majivu yaendako. Ngoja ukungu uinuke mpaka umwone mtu wa ng'ambo. Penda rasharasha na uogope wingu la alasiri. Kumbuka mwezi wa jana usiku. Kisha, ukiona kwamba upepo, maji na jua vimeungana kukupa ndege wote kwa mara moja, simama uulize ni nani mwingine aliyekwisha nyang'anywa ili wewe upewe. Siku njema ya kuwinda bata ni siku ambayo bata naye anayo mbingu ya kukimbilia.